Siwa, Baragumu na Mbiu: Uhakiki wa Njia za Kuandika Historia ya Ala za Muziki

Historia ya ala za muziki za Afrika Mashariki imeandikwa aghalabu kutoka katika makabati na maghala ya makumbusho. Mtafiti huipima ala, huichora, huitafutia nambari yake katika mfumo wa uainishaji, kisha huliandika jina lake la kienyeji pembezoni mwa kadi kana kwamba ni pambo tu. Makala haya yanadai kinyume cha hayo. Jina la ala, vitenzi vinavyoandamana nalo, na masharti ya nani apaswaye kuipiga na kwa shughuli gani, ndiyo hati ya kwanza ya historia yake. Umbo la ala ni hati ya pili. Lakini dai hili lina upande wake wa hatari, maana jina nalo ni shahidi awezaye kudanganya, na wanalugha wasiokitazama kifaa chenyewe wamepotea mara nyingi kama wanamuziki wasioisikiliza lugha.

Yafaa kuanza na mfumo wenyewe. Mwaka 1914 wataalamu wawili wa Berlin, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walitoa uainishaji wa ala zote za dunia kwa kufuata kile kinachotikisika ili kutoa sauti: mwili wa ala yenyewe, ngozi iliyowambwa, uzi uliokazwa, au hewa. Kila ala hupewa tarakimu, na kila tarakimu inayoongezwa huzidi kuibainisha. Faida yake si ndogo. Mtunzaji wa makumbusho aliyeko Nairobi na mwenzake aliyeko Brussels wanaweza kuelewana juu ya ngoma bila mmoja wao kuijua lugha ya wenye ngoma. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mgawanyo huo wa sehemu nne haukuanguka kutoka mbinguni. Waliujenga juu ya kazi ya Victor-Charles Mahillon, mtunzaji wa makumbusho ya chuo cha muziki cha Brussels, na mgawanyo wa Mahillon unafanana sana na ule wa Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi juu ya sanaa za maonyesho. Kwa hiyo mfumo unaoitwa wa dunia nzima una asili yake katika fikra za watu fulani na lugha fulani, kama ilivyo mifumo mingine yote. Hornbostel na Sachs wenyewe walikiri katika utangulizi wao kwamba ala ni vitu hai vinavyobadilika, ilhali mfumo wowote umesimama palepale. Wafuasi wao ndio waliosahau onyo hilo.

Sasa na tuuweke mfumo huo mbele ya maneno matatu ya Kiswahili. Siwa ni pembe kubwa ya ndovu, au mfano wake uliofanywa kwa shaba au mti, ipulizwayo kwa tundu lililo ubavuni. Baragumu ni pembe ya mnyama, nayo hupulizwa ubavuni vilevile. Kwa Hornbostel na Sachs siwa ya pembe na baragumu lililopinda ni kitu kimoja, nambari 423.122.2, na mtu asiyekuwa na habari nyingine angedhani kwamba moja ni kubwa na jingine ni dogo, basi. Kwa upande mwingine kuna mbiu. Hii ni pembe, kwa kawaida ya nyati, itumiwayo kuwaita watu wasikilize tangazo; na kamusi za zamani zaeleza kwamba yaweza kupulizwa au kupigwa kwa kijiti. Ikipulizwa, mfumo huitia katika fungu la nne, la ala za hewa. Ikipigwa, huihamisha hadi fungu la kwanza, pamoja na njuga na kayamba. Mswahili hahami naye. Ipulizwe au ipigwe, ni mbiu; na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali haisemi ikipigwa wala ikipulizwa, yasema ikilia.

Hapa si suala la tofauti ya majina tu. Kiswahili kimeviainisha vitu hivi kwa kigezo kingine kabisa, nacho ni kazi ya sauti katika mji. Mbiu ni sauti ya amri na tangazo. Siwa ni sauti ya nasaba na enzi. Mfumo wa Berlin umekiunganisha kilichotengwa na wenyewe na umekitenga kilichounganishwa. Mwanahistoria anayeanzia kwenye nambari atauliza: pembe ya kupuliza ubavuni ilienea kutoka wapi hadi wapi? Ni swali halali. Lakini anayeanzia kwenye jina atauliza: ni lini, na kwa nini, watu wa mwambao walianza kuhitaji neno la pekee kwa pembe isiyoweza kupulizwa na mtu yeyote tu? Swali hili la pili ndilo linalofungua historia ya miji.

Ushahidi wa swali hilo ni wa kale kuliko kitabu chochote cha muziki. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona ngoma, pembe na zumari zikipigwa mbele ya mtawala wa mji alipokuwa akitoka msikitini. Msafiri wa Kireno aliyeandika habari za safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498 aliona Malindi, katika msafara wa mfalme, pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa nakshi, kimo chake sawa na kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana na tarumbeta nyingine. Mreno huyo hakulijua neno siwa, lakini alichokieleza ni siwa bila shaka. Tena alizitaja palepale alipomtaja mfalme. Hakuziona sokoni.

Siwa mbili mashuhuri zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu: moja ya pembe za ndovu, iliyotoka Pate, yenye urefu unaopita mita 2, na moja ya shaba, ya Lamu yenyewe. Katika miaka ya 1970 ziliandikiwa kwa makini na wataalamu wawili waliofanya kazi katika makumbusho ya mwambao. Hamo Sassoon alitoa kijitabu juu yake mwaka 1975, na James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, alitoa makala mwaka uliofuata. Kazi zote mbili zastahili heshima. Kabla yake siwa zilikuwa zikitajwa na wasafiri kama vioja. Sassoon na Allen walizitazama kama kazi za mafundi, wakauliza zilifanywa lini na kwa ufundi gani. Allen hakukomea kwenye pembe na shaba, bali alizihusisha na namna miji ya Waswahili ilivyojitawala.

Hata hivyo yaliyosalia ni mengi, na sehemu kubwa yake ni kazi ya lugha. Mathalani, Habari za Pate, zilizotolewa na C. H. Stigand mwaka 1913 na muda mfupi baadaye na Alice Werner, zina kisa cha siwa ambacho chasomwa mno kama hadithi ya kupendeza tu. Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme ambaye mumewe aliuawa na Sultani, alitaka kumfanyia mwanawe tohara kwa sherehe inayolingana na nasaba yake. Siwa ya shaba hakuipata. Ndipo alipomwita fundi sharifu, Mwenye Bayayi, akamwagiza amchongee siwa nyingine ya pembe za ndovu, naye akaichonga. Siwa ya pembe iliyoko Lamu imehusishwa na kisa hiki.

Kwa msomaji wa haraka, kisa hiki chaeleza tu ni nani aliyeichonga siwa. Kikisomwa kwa makini chaeleza jambo kubwa zaidi. Mwana Darini hakukosa muziki. Pate haikupungukiwa na ngoma, zumari wala baragumu za kutosha sherehe ya mtoto. Alichonyimwa ni kukubaliwa hadharani kwamba mwanawe alikuwa wa damu ya kutawala. Kumnyima siwa kulikuwa ni kumwambia mji kwamba mtoto huyo si kitu. Kuchonga siwa mpya, tena iliyoipita ile ya kwanza kwa uzuri, kulikuwa ni jibu la kisiasa lililotolewa na mjane asiyekuwa na askari. Na mtoto huyo ndiye yule aliyekuja kutawala akiitwa Sultani wa Pate. Ikiwa kadi ya makumbusho yasema pembe ya kupuliza, ya ndovu, ya Pate, yenye urefu kadha wa kadha, basi imesema kweli katika kila neno na imeacha sababu iliyoifanya ala hiyo iwepo duniani.

Yawezekana mtu kusema kwamba haya ni mambo ya historia ya siasa wala si ya muziki. Upinzani huo unatokana na neno muziki lenyewe, ambalo ni geni. Neno la wenyewe ni ngoma, na ngoma ni kile kitu kilichowambwa ngozi, na pia ni mchezo wenyewe, na ni mkutano wa watu wanaoucheza, na mahali pengine ni tiba ya mgonjwa mwenye pepo. Wajaluo wana thum, neno linalotaja muziki na pia ile ala ya nyuzi iitwayo nyatiti. Na Washington Omondi alipoandika tasnifu yake juu ya ala hiyo mwaka 1980 alilitanguliza neno thum katika anwani, akafanya vyema. Lugha hizi hazikushindwa kutofautisha kitu na tendo. Zimekataa kuvitenganisha. Mtunzaji anapoitoa ngoma ngomani na kuitia katika kabati la kioo huwa amekwisha kutoa hukumu ya kinadharia, ajue asijue.

Lakini sasa ni zamu ya wanalugha kuhukumiwa. Jina peke yake hupotosha, na mfano ulio wazi ni zeze. Katika mwambao zeze ni fimbo bapa yenye kibuyu na uzi au nyuzi zidonolewazo kwa vidole. Kwa Wagogo wa Dodoma, izeze ni ala yenye bakuli la sauti, ipigwayo kwa upinde wa kusugua. Anayelifuata jina bila kukiona kifaa atachora ramani ya uenezi wa zeze kutoka pwani hadi bara, na ramani hiyo itakuwa ya neno tu, si ya ala. Marimba nayo yana tabia iyo hiyo: pengine ni vibao vya mti vigongwavyo kwa vijiti, pengine ni vyembe vya chuma vibonyezwavyo kwa vidole gumba. Na kinanda? Katika karne ya 19 Edward Steere alikieleza kuwa ala ya nyuzi, akaongeza kwamba neno hilo lilikuwa likitumiwa kwa ala za Kizungu karibu zote. Leo mtoto wa shule akisoma kwamba mzee fulani wa Lamu alipiga kinanda huona akilini mwake ala ya kanisani yenye vibonyezo. Picha hiyo si kweli, na hakuna kamusi itakayomzuia asiione ikiwa haikumwonyesha tarehe ya kila maana.

Hapo ndipo nambari za Berlin zinapopata haki yake. Zeze la pwani na izeze la Ugogo zina nambari mbili tofauti, na nambari hizo zatuonya kuwa jina limehama kutoka ala hadi ala. Neno kuhama bila kifaa, na kifaa kuhama bila neno, ni matukio mawili ya historia yanayotaka maelezo mawili. Udi, kanuni na tari ni maneno yaliyofika pamoja na ala zake, kwa hiyo Kiarabu chake hakimshangazi mtu. Ngoma, njuga na kayamba hazikungoja jahazi. Katikati ya makundi hayo mawili yamejaa maneno ambayo hayajatafitiwa, na hilo ni shamba la idara za lugha lililoachwa liote magugu.

Vitabu vilivyoandikwa Kenya vinauonyesha upungufu huu kwa namna ya kusikitisha kidogo, kwa sababu waandishi wake hawakuwa wageni wa lugha. Graham Hyslop, aliyetoa kitabu juu ya ala za Kenya mwaka 1975, ndiye yule yule aliyeandika michezo ya Kiswahili ya Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Alijua jinsi neno linavyobeba jamii nzima jukwaani. Katika kitabu cha ala, hata hivyo, mkazo umo zaidi katika namna ala inavyotengenezwa na kupigwa, na sikio la mwandishi wa michezo halisikiki sana. George Senoga-Zake, katika kitabu chake cha 1986 juu ya muziki wa jadi wa Kenya, alizirudisha ala karibu na nyimbo na michezo, jambo lililokuwa hatua mbele.

Makumbusho ya Uganda yalijaribu njia nyingine. Chini ya Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1957, ala hazikuachwa ziwe kimya. Wapigaji walikuwamo katika jengo, na mgeni aliweza kuzisikia. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilimaanisha kwamba makumbusho yalimhitaji mtu ajuaye, si kitu peke yake. Naye Hugh Tracey, aliyepita Kenya mwaka 1950 na mtambo wa kurekodi, alikusanya sauti ambazo zingalipotea. Miongoni mwake ni nyimbo za Wakipsigis wa Kapkatet juu ya Chemirocha, yaani mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, aliyejulikana kwa santuri, zikiimbwa kwa chepkongo. Tangu 2014 nakala za rekodi zake zimekuwa zikirudishwa Kenya kutoka katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Kurudi huko kumefichua tatizo la lugha waziwazi: maelezo yaliyoambatana na rekodi yako kwa Kiingereza, kwa mkono wa mtu aliyewategemea wakalimani. Sauti imerudi nyumbani na barua ya utambulisho iliyoandikwa na mgeni.

Sauti yaweza kunakiliwa. Ngadji haiwezi. Ngoma hiyo takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum mjini London, ambako imekaa ghalani zaidi ya miaka 100. Haikuwekwa hata katika ukumbi wa maonyesho. Wazee wa Wapokomo wameiomba irudishwe. Na sheria ya makumbusho hayo ya mwaka 1963 imefunga karibu kila mlango wa kukitoa kitu. Na Wapokomo hao ndio wenye wimbo wa kubembeleza mtoto ambao sauti yake ilichukuliwa mwaka 1963 kuwa wimbo wa taifa la Kenya, kwa kazi ya tume iliyowajumuisha Hyslop, Omondi na Senoga-Zake, pamoja na Thomas Kalume na Peter Kibukosya. Taifa zima husimama wima kwa wimbo wa Mto Tana.

Ngadji inaiaibisha kila njia iliyojadiliwa hapa. Mfumo wa Berlin utaipa nambari bila taabu, na nambari hiyo itakuwa sahihi. Maelezo ya ufundi yatataja mti na ngozi. Lakini ngoma hii haikuwa chombo cha kutazamwa. Ilikuwa mhimili wa mamlaka na ibada, na mamlaka hayo yaliihusu sauti yake na waliokuwa na haki ya kuikaribia. Majirani zao Wagiriama wanayo mwanza, ngoma ya kusuguliwa ambayo asiyeingizwa katika siri zake aisikie tu wala asiione. Kwa ala ya namna hiyo kabati la kioo si hifadhi. Linafanya hasa kile ambacho mila ilikikataza, kisha linaandika chini yake kwamba ala imehifadhiwa. Hata wanaodai irudishwe hawana budi kujiuliza kama kuitoa ghala la London na kuitia katika ukumbi wa maonyesho Nairobi ni kuirudisha.

Mradi ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na makumbusho ya Köln na Frankfurt, pamoja na wasanii, umekusanya katika orodha moja habari za vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyoko katika taasisi za ng'ambo. Kazi hiyo imefanywa kwa ujasiri, na bila ya orodha madai yote ni maneno matupu. Lakini orodha iliyotokana na kadi hurithi maradhi ya kadi. Jina lililosikika vibaya na ofisa wa mwaka 1905, likaandikwa kwa tahajia ya Kijerumani au ya Kiingereza, huingia katika mashine jinsi lilivyo, na kuanzia hapo hupata heshima ya ukweli. Mtafiti wa Kipokomo akitafuta kwa neno la mama yake hapati kitu. Kitu kipo, kimejificha nyuma ya herufi.

Marekebisho ya tahajia peke yake hayatoshi. Kila ala ingehitaji kuandikiwa jina lake katika lahaja ya mahali ilipotoka. Kitenzi chake, iwapo hupigwa, hupulizwa, hudonolewa au husuguliwa kwa maneno ya wenyewe. Neno la yule aipigaye, na kama neno hilo ni la kazi, la ukoo au la cheo. Shughuli ambayo haiwezi kufanywa bila hiyo ala. Na shughuli ambayo ni mwiko kuipiga. Kwa siwa ya Pate, safu hiyo ya mwisho ingemleta Mwana Darini kwenye kadi. Kwa mbiu, safu ya kitenzi ingekuwa na maneno mawili bila kuleta nambari mbili. Na kwa Ngadji sehemu kubwa ya safu hizo yaweza kujazwa kando ya Mto Tana na watu wanaokijua Kipokomo, pamoja na wazee waliorithi masimulizi yake, nayo ni kazi isiyohitaji idhini ya London wala kungoja ngoma irudi.